Umeme wa magari ya kale ya spoti: Pima kwanza, nunua baadaye

GARI la spoti aina ya Datsun 240Z lina nafasi ya pekee katika historia ya Safari Rally. Mnamo 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walishinda mashindano hayo wakiliendesha. Miaka miwili baadaye, 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews walirudia ushindi huo katika gari la aina iyo hiyo.

Magari hayo, yaliyotengenezwa kati ya 1969 na 1973, sasa yamepita umri wa miaka 50. Injini yake ya silinda 6, yenye ukubwa wa cc 2,393, huweza kufumuliwa na kuundwa upya na fundi yeyote stadi. Kinachowatoa jasho wenye magari ni nyaya: taa zinazofifia, fyuzi zinazokatika ovyo na betri inayolala nzima ikaamka imekufa.

Tatizo hilo si la kukera tu. Taa zikizimika ghafla usiku, dereva akiwa katikati ya malori barabarani, maisha ya watu huwa hatarini. Aidha, waya unaopata moto karibu na mipira ya petroli iliyozeeka unaweza kuteketeza kwa dakika chache gari lililotunzwa kwa miaka na mikaka.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kukimbilia dukani. Mwenye gari hununua betri mpya, kisha alteneta, kisha stata, na hitilafu ingali pale pale. Katika gari la umri huu, kifaa chenyewe aghalabu ni kizima. Kilichochakaa ni njia inayoufikisha umeme kwenye kifaa hicho na kuurudisha kwenye betri.

Umeme huenda na kurudi

Betri ya 240Z ni ya volti 12, na ncha yake hasi imeungwa na bodi ya gari. Umeme hutoka ncha chanya, hupitia fyuzi na swichi, huingia katika balbu au mota, kisha hurudi kwenye betri kupitia bati la bodi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita athi.

Kwa hivyo, kila kifaa kinahitaji njia mbili zilizo nzima. Watu wengi huchunguza njia ya kwenda pekee kwa kuwa ina nyaya zinazoonekana, wakaisahau ya kurudi, ambayo mara nyingi ni skrubu moja tu iliyokazwa juu ya bati. Bati hilo likipakwa rangi mpya, au kutu ikijipenyeza chini ya skrubu, umeme hukosa pa kupita.

Hitilafu za nyaya ni za aina tatu. Ya kwanza ni njia iliyokatika, ambapo kifaa hakifanyi kazi kabisa. Ya pili ni ukinzani, yaani umeme unapita kwa taabu kwa sababu ya kutu, uchafu au kiungio kilicholegea. Ya tatu ni shoti, ambapo waya uliochubuka hugusa bati na umeme ukarudi kwenye betri bila kupitia kifaa chochote.

Aina ya pili ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu kifaa hufanya kazi nusunusu. Chukua mfano wa taa mbili kubwa za mbele, kila moja ikiwa ya wati 60. Kwa pamoja hutumia ampea 10 hivi. Kiungio kimoja chenye kutu kikileta ukinzani wa omu 0.2 pekee, takriban volti 2 hupotea hapo.

Volti hizo hazipotei bure. Hugeuka joto la karibu wati 20, sawa na chuma kidogo cha kupigia lehemu, na joto hilo hulundikana ndani ya plastiki ya kiungio au swichi. Mwanga wa taa nao hushuka hadi karibu nusu, kwa kuwa balbu hupoteza mwanga kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyopungua.

Kabla ya kufungua chochote

Vifaa vinavyohitajika si vya bei ghali: mita ya umeme inayopima volti, omu na ampea, balbu ya wati 21 iliyofungiwa nyaya mbili ndefu, msasa laini, brashi ya waya, na fyuzi za akiba za ukubwa ulioagizwa na mtengenezaji.

Muhimu kuliko vyote ni ramani ya nyaya ya gari lenyewe. Nyaya za 240Z hazikuwa sawa kwa miaka yote wala kwa masoko yote, na ramani ya gari lililouzwa Marekani huenda isilingane na gari lenye usukani wa upande wa kulia. Anayetumia ramani isiyofaa hujikuta akitafuta waya ambao haukuwahi kuwepo.

Isitoshe, kuna nyaya ambazo hazimo katika ramani yoyote. Katika miaka 50 gari hupitia mikono mingi, na kila mmiliki huacha alama yake: kengele ya wizi, redio, taa za ziada, honi ya kelele. Waya ambao rangi yake haionekani katika ramani ndio wa kushukiwa kwanza, hasa ukiwa umeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu.

Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuanza. Unapotaka kufungua nyaya, ondoa kwanza waya wa ncha hasi ya betri, na unaporudisha, uwe wa mwisho kufungwa. Ukisikia harufu ya petroli, acha kazi ya umeme hadi mvujo upatikane na uzibwe. Kizimamoto kiwe karibu na mkono, wala si ndani ya nyumba.

Anza na betri na athi

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha volti 12.2, imebaki na karibu nusu ya chaji. Stata inapozungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka ilhali betri ilikuwa imejaa, betri yenyewe imedhoofika au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Baada ya hapo pima athi, na upimaji huu ufanywe umeme ukipita. Gusa ncha hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma kisicho na rangi cha injini kwa waya wa pili, kisha mwenzako apige stata. Mita inayopima volti isizidi 0.5 hivi. Ikizidi, waya wa athi wa injini au maungio yake yana kasoro.

Kupima athi kwa omu pekee huweza kudanganya. Waya wenye nyuzi nyingi uliobakiwa na uzi mmoja tu utaonekana mzima kwenye mita, kwa sababu mita hutumia umeme mdogo mno. Ukiambiwa ubebe ampea 10, uzi huo hushindwa. Ndiyo maana kupima volti zinazopotea kazi ikiendelea hufichua mengi kuliko kupima waya uliolala.

Dalili nyingine ya athi mbovu ya injini ni kebo ya choki kupata moto wakati wa kupiga stata. Umeme ukikosa njia yake halali, hutafuta nyingine, na kebo hiyo nyembamba haikukusudiwa kubeba mzigo huo. Ikianza kutoa moshi, wengi hudhani choki ndiyo mbovu.

Chaji, reguleta na amita

Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, volti kwenye betri zinafaa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki katika 12 na kitu, alteneta haichaji. Zikipita 15, chaji imezidi: betri huchemka na balbu huungua moja baada ya nyingine.

Katika magari mengi ya leo reguleta imo ndani ya alteneta. Katika 240Z reguleta ni kisanduku cha pekee kilichofungwa kwenye bati chini ya boneti, kikiwa na koili na pointi ndogo zinazofunguka na kufunga. Kisanduku hicho hutegemea athi yake kujua volti za betri. Athi hiyo ikiwa na kutu, reguleta hudanganyika na kuchaji kupita kiasi au kutochaji sawasawa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua alteneta, safisha mahali reguleta inaposhikana na bati, kagua soketi yake, kaza mkanda wa alteneta, kisha upime upya. Mara nyingi safari ya kwenda dukani huishia hapo.

Pia kuna amita, ile saa ya kwenye dashibodi inayoonyesha iwapo umeme unaingia au unatoka kwenye betri. Katika 240Z, umeme wenyewe wa chaji hupitia ndani ya amita hiyo. Nati za nyuma yake zikilegea, hutokea cheche na joto mahali ambapo dereva haoni. Sindano inayorukaruka, au harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya dashibodi, ni onyo la kusimamisha gari mara moja.

Hatari huongezeka mtu anapofunga alteneta kubwa ya kisasa na kuacha amita na nyaya zile za zamani. Alteneta mpya inaweza kusukuma umeme mwingi kuliko nyaya hizo zilivyokusudiwa kubeba, hasa betri ikiwa imeisha. Wengi hubadilisha amita kwa saa ya kuonyesha volti na kuongeza waya mnene kutoka alteneta hadi betri, ukiwa na kinga yake.

Taa zinazofifia

Umeme wote wa taa kubwa za 240Z hupitia swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani, bila msaada wa rilei. Baada ya miongo mitano, shaba ya ndani ya swichi huwa imeliwa na cheche, na plastiki yake huweza kuyeyuka. Sanduku la fyuzi nalo hupata moto, hasa kwenye fyuzi ya taa ndogo, ambapo vishikizo vimepoteza nguvu ya kubana.

Ili kujua volti zinapotelea wapi, washa taa na upime hatua kwa hatua: kwenye betri, kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, baada ya swichi, na mwishowe kwenye soketi ya balbu. Mahali volti zinaposhuka ghafla ndipo penye kasoro. Upande wa kwenda usipoteze zaidi ya volti 0.5 hivi, na upande wa athi usizidi 0.2.

Gusa pia sanduku la fyuzi baada ya taa kuwaka kwa dakika 10. Fyuzi yenye joto la kuchoma kidole haimaanishi lazima kwamba umeme umezidi. Aghalabu ni vishikizo vyenye kutu.

Tiba ya kudumu ni rilei. Rilei huruhusu umeme mzito uende moja kwa moja kutoka betri hadi taa kupitia fyuzi mpya, huku swichi ya zamani ikibeba umeme mdogo tu wa kuiamrisha. Hata hivyo, katika 240Z swichi ya dimu na fuli hukata upande wa athi, si upande wa chanya, kinyume cha magari mengi. Atakayefunga rilei bila kulizingatia hilo ataishia na taa zinazowaka kinyume au zisizozimika.

Kufunga balbu za wati 100 bila rilei ni kukaribisha moto. Balbu mbili za aina hiyo huvuta karibu ampea 17 kupitia swichi ambayo hata 10 huitaabisha.

Taa za nyuma nazo zina dalili yake. Dereva akikanyaga breki na taa za indiketa au taa ndogo zikawaka kwa uhafifu, athi ya taa hizo imekatika na umeme unarudi kupitia balbu za jirani. Usibadilishe balbu, safisha athi.

Indiketa zikikataa kabisa, ilhali balbu na fyuzi ni nzima, mshukiwa wa kwanza ni swichi ya hazadi. Umeme wa indiketa hupitia kwanza swichi hiyo, ambayo huweza kukaa miaka bila kuguswa. Kuiwasha na kuizima mara kadhaa hukwangua uchafu, na indiketa zikifufuka, swichi ifunguliwe na kusafishwa ipasavyo.

Fyuzi inayokatika

Fyuzi ni mlinzi anayejitoa mhanga ili waya usiungue. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, au karatasi ya pakiti ya sigara, humwondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Ikiwa fyuzi ya ampea 10 inakatika, ya 30 haiponyi chochote. Kitakachokatika baadaye ni waya wenyewe, na utakatika ukiwa unawaka.

Badala ya kuchoma fyuzi 10 ukitafuta shoti, ondoa fyuzi na uweke ile balbu ya wati 21 mahali pake. Umeme wa shoti utapitia balbu hiyo, ambayo itawaka kwa nguvu zake zote bila kuruhusu zaidi ya ampea 2 hivi kupita. Hakuna waya utakaoungua.

Sasa chomoa kifaa kimoja kimoja cha tawi hilo na kutikisa fungu la nyaya kutoka mwanzo hadi mwisho. Balbu itakapofifia au kuzima, umefika penye shoti. Kagua hasa mahali nyaya zinapopenya ukuta wa bati kati ya injini na dereva, kwenye bawaba za milango na buti, chini ya zulia, na mahali skrubu mpya imepigiliwa karibu na fungu la nyaya.

Karibu na betri au stata, gari hilo lina pia kipande cha waya kilichotengenezwa makusudi kuyeyuka shoti kubwa inapotokea. Kikiyeyuka, karibu kila kitu hunyamaza. Kibadilishwe kwa kingine cha aina yake baada ya chanzo kupatikana. Kuunga pale waya wa kawaida ni kuliacha gari zima bila kinga.

Betri inayokufa usiku

Betri ikiisha baada ya gari kulala siku mbili tatu, kuna kinachokula umeme kimyakimya. Zima kila kitu, funga milango, ondoa waya wa ncha hasi na uweke mita ya ampea kati ya waya huo na betri. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, kwani utaiunguza.

Gari la zama hizo, likiwa na saa na kumbukumbu ya redio pekee, halifai kula zaidi ya ampea 0.05. Mita ikionyesha zaidi, ondoa fyuzi moja moja hadi kipimo kishuke. Kisipobadilika hata fyuzi zote zikitolewa, chomoa alteneta, kwani dayodi zake zikiharibika huvujisha umeme usiku kucha.

Balbu ndogo ya wati 5 iliyosahaulika ikiwaka ndani ya kijisanduku cha dashibodi hula ampea 0.4 hivi, karibu ampea 10 kwa saa 24. Betri ya ukubwa wa ampea 60 kwa saa haitadumu wiki. Kengele za wizi zilizofungwa kiholela miaka iliyopita pia hupatikana na hatia mara nyingi.

Hitilafu ya kuja na kwenda

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayotoweka gari linapofikishwa kwa fundi. Hapa kumbukumbu husaidia. Je, hutokea injini ikiwa moto? Baada ya mvua? Kwenye matuta? Gari linapokata kona? Joto huashiria kiungio kinacholegea kikitanuka, mvua huashiria soketi isiyofunika vyema, na matuta huashiria waya uliokatika ndani ya ganda lake.

Unganisha balbu ya majaribio kwenye kifaa kinachosumbua, kisha utikise nyaya kwa mkono, polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Usivute. Plastiki ya miaka 50 hukauka na kupasuka, na mvutano mmoja huweza kuzaa kasoro ambayo haikuwepo.

Mazingira nayo yana mchango. Hewa ya chumvi ya pwani huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, ilhali vumbi na mtikisiko wa barabara za changarawe hulegeza maungio. Gari lililoegeshwa muda mrefu huwa makao ya panya, wanaotafuna ganda la nyaya wasikojulikana.

Kurekebisha, si kuficha

Waya mbovu ukatwe hadi shaba inayong'aa ionekane. Shaba iliyogeuka nyeusi haishiki lehemu vyema wala haipitishi umeme sawasawa. Waya mpya uwe na unene ule ule au zaidi, na ikiwezekana rangi ile ile, ili ramani iendelee kusema kweli.

Kiungio kibanwe kwa koleo la kazi hiyo, kifunikwe kwa mpira unaojikaza kwa joto, na fungu la nyaya lifungwe mbali na ekzosi na kingo kali za bati. Kila tundu lililopitisha waya liwe na mpira wake. Tepu peke yake haitoshi: gundi yake huyeyuka kwa joto la injini na kuacha waya uchi.

Sehemu za athi zisuguliwe hadi chuma kionekane, zikazwe, kisha zipakwe grisi juu ili maji yasirudi. Ikiwa ganda la nyaya linapasuka kila linapokunjwa, gari zima likihitaji viraka, basi ni nafuu na salama zaidi kubadilisha fungu zima kuliko kuendelea kuraruka na kushona.

Rekebisha jambo moja, pima, andika, ndipo uendelee. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja hatajua kilichomponya mgonjwa, wala kilichomzidishia maradhi. Daftari hilo litamfaa fundi atakayefuata, na hata mnunuzi wa gari baadaye.

Wenye magari ya aina hii hufunga pia swichi ya kutenga betri gari linapoegeshwa. Swichi hiyo haiponyi hitilafu yoyote, lakini waya usio na umeme hauwezi kuwasha moto usiku watu wakiwa wamelala.

Magari ya kizazi cha 240Z bado hutimka katika East African Safari Classic, mashindano yaliyoanzishwa mnamo 2003, na mengine hutolewa garini Jumapili tu kunyooshwa miguu. Yote yana nyaya, na yote huzeeka. Taa iliyofifia kidogo leo ni ufa mdogo, na wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.